Jalada Lisilo na Njia

Maneno yalikuwa yamekwisha kufika bombani kabla Hadija hajafika na ndoo yake. Aliyakuta yanamsubiri.

Ilikuwa asubuhi kama nyingine zote za Kwemnyefu. Ukungu ulikuwa umelalia mashamba ya kabeji, moshi wa jikoni ulipanda polepole kutoka mabondeni, na kina mama walikuwa foleni kwenye bomba ambalo wanakijiji walilichimbia mtaro kwa mikono yao, mwaka ule kijiji kilipoandikishwa kuwa cha ujamaa. Hadija Rajabu alikuwa msichana wa darasa la sita. Kila siku kabla ya shule alimtekea mama yake maji ya kupikia, kisha akarudi kuteka ya mbuzi.

"Shikamooni," aliamkia.

"Marahaba," waliitika, lakini waliitika wakitazama chini. Mama mmoja akavuta ndoo yake pembeni. Wa pili akafuata. Mara pakawa na nafasi tupu mbele ya Hadija, kama mahali palipomwagwa kitu kichafu.

Rafiki yake Esta akamvuta nyuma ya ua wa michongoma.

"Nikuambie, na usininunie?"

"Sema."

"Wanasema una kifua kikuu."

"Nani kasema?"

"Mke wa balozi wenu wa nyumba kumi. Nesi mpya jana alimwita balozi, akamwambia amlete Hadija Rajabu wa Bondeni. Eti makohozi yake yamerudi kutoka hospitali ya Lushoto, yana wadudu."

Hadija alitaka kucheka. "Makohozi gani? Mimi sijatoa makohozi tangu nizaliwe."

"Mimi nakuambia walivyosema," alisema Esta, na Hadija akaona kwamba hata Esta alikuwa amerudi nyuma kidogo.

Hapo moyo wake ukawa mgumu. Alirudi kwenye foleni, akaingia katika ile nafasi tupu na kuweka ndoo yake chini ya bomba, mbele ya watu wote. "Ahsanteni kwa kunipisha, mama zangu," alisema. "Leo sitachelewa shule."

Aliteka bila haraka. Lakini njia nzima ya kurudi nyumbani yale maneno yalimng'ang'ania kama kupe. Aliyatikisa, hayakudondoka. Alijikohoza makusudi asikie kifua chake kinasemaje, kisha akajionea haya kwa kufanya hivyo.

Darasani, Silvano, aliyekuwa akikaa naye dawati moja, alikuwa amehamia dirishani na daftari zake.

"Kohoa basi tusikie," alisema Silvano.

"Njoo karibu nikukoholee sikioni," alijibu Hadija.

Baadhi ya watoto walicheka, wengine wakaziba midomo kwa mikono ya sweta zao. Mwalimu Kornelio aliingia, akaona dawati lenye mtu mmoja, akaelewa. Hakuwa mtu mkali. Alimsogelea Hadija akasema kwa sauti ya chini, "Chukua vitu vyako, mwanangu, uende nyumbani mpaka zahanati waseme."

"Mwalimu, zahanati hawajaniambia kitu. Nikienda nyumbani sasa hivi, kila mtu atasema ni kweli."

"Si adhabu, Hadija. Darasa lina watoto wengi, na madirisha yamefungwa kwa ajili ya baridi."

"Basi nitayafungua."

Akainuka, akafungua dirisha moja baada ya jingine. Upepo wa msitu wa Magamba ukaingia na kupeperusha karatasi. Safari hii hakuna aliyecheka. Mwalimu akasema, "Toka nje."

Hadija alitoka, lakini hakwenda nyumbani. Aliketi barazani chini ya dirisha alilolifungua mwenyewe, akaweka daftari juu ya magoti. Mwalimu alipouliza hesabu ya sehemu ambayo wote waliinamia madawati wasiijibu, sauti ikatoka nje ya dirisha: "Tano kwa nane, mwalimu." Mwalimu Kornelio aligeukia ubao akaandika: tano kwa nane.

Saa ya mapumziko haikuwa imefika wakati mama yake alipotokea na balozi. Mama Hadija, jina lake Mwanamisi, alikuwa mwanamke mwenye hofu nyingi tangu hapo. Mtoto akichelewa kidogo yeye yuko njiani, mvua ikinyesha yeye anahesabu vichwa. Siku hiyo alikuwa amefunga kanga upande, akamshika Hadija mkono.

"Kwa nini hukuniambia kwamba unakohoa?"

"Sikohoi, mama."

"Juzi nilikusikia."

"Ulikuwa moshi. Na wewe ulikohoa."

Mama alikaza mwendo, midomo ikimchezacheza kwa dua.

Zahanati ilikuwa nyumba ya vyumba viwili juu ya kilima, imeezekwa bati. Nesi Secilia alikuwa bado mgeni pale. Alikuja mwezi huo kutoka Bulwa, kwenye mashamba ya chai, kuchukua nafasi ya Nesi Jenoveva aliyehamishiwa huko. Aliwakaribisha kwenye benchi, akawaambia bila kuzunguka kwamba kifua kikuu kinatibika, kwamba si laana wala aibu, na kwamba ni sindano kila siku kwa muda, na vidonge kwa muda mrefu zaidi, bila kukatisha. Bomba la sindano lilikuwa linachemka katika sufuria ndogo juu ya jiko la mafuta ya taa.

"Sindano hiyo si yangu," alisema Hadija.

"Hadija," mama alimkanya.

"Si yangu, mama. Sikutoa makohozi."

Nesi hakukasirika. Alikwenda kwenye kabati, akavuta sanduku lililoandikwa BONDENI, akatoa jalada. "Wewe unaitwa Hadija Rajabu?"

"Ndiyo."

"Unakaa Bondeni?"

"Ndiyo."

"Basi jalada hili ni la nani?"

Hadija aliangalia. Jalada lilikuwa la boksi la sabuni, limekatwa vizuri na kushonwa kwa uzi. Juu yake yalikuwa maneno mawili tu, Hadija Rajabu, na ile H yenye mkia mrefu ilikuwa mwandiko wake mwenyewe.

Alikumbuka yote.

Majalada ya zamani ya zahanati yalikuwa ya karatasi, yakaoza kwa unyevu. Ndipo shule ilipopewa kazi ya kutengeneza mapya, katika vipindi vya kujitegemea. Nesi Jenoveva aliwaketisha kwenye mkeka akawafundisha namna ya kuandika juu ya jalada. Unaanza na kijiji, unapiga alama ya mkwaju, kile kistari kilichoinama. Unaandika kitongoji, unapiga mkwaju. Unaandika balozi wa nyumba kumi, mkwaju tena, na mwisho kabisa ndipo jina la mgonjwa. Kisha aliitwa kwa mama aliyekuwa akijifungua, akawaacha na kazi.

Hadija ndiye aliyekuwa na mwandiko mzuri kuliko wote, na mkono ulikuwa umemchoka.

"Nesi kasema njia yote," Esta alimkumbusha.

"Njia ya nini? Sanduku la Bondeni ninalo hapa magotini. Niandike tena Bondeni ili iweje? Na sisi sote si tunajuana?"

Akaandika majina matupu. Katika lundo lile la majalada mabovu akakuta mawili yanaishia na Hadija Rajabu. Hakusoma mwanzo wake. Alisema wameandika mara mbili, akatoa kadi zote mbili akazitia katika jalada moja jipya, akalitia katika sanduku lililokuwa mbele yake. Yale maganda yaliyooza alikwenda kuyachoma yeye mwenyewe nyuma ya zahanati, akafurahi yalivyowaka.

"Fungua ndani," alisema sasa. "Kuna kadi mbili."

Nesi alifungua. Kadi zilikuwa mbili, zote zimeandikwa jina lile lile, uzito na dawa, basi. Kitongoji na balozi vilikuwa vimeandikwa juu ya majalada ya zamani tu, nayo yalikuwa majivu.

"Nilifikiri wameandika mara mbili," alisema Nesi Secilia polepole.

"Hata mimi," alisema Hadija. "Mimi ndiye niliyeziweka pamoja."

Mama alikuwa hasikii habari za kadi. Alipiga magoti mbele ya binti yake, akamshika mashavu. "Mwanangu, kama ni dawa, chomwa tu. Bora sindano isiyo yako kuliko nikupoteze. Nakuomba."

"Na mwenyewe je, mama?"

"Mwenyewe nani?"

"Mwenye makohozi. Mimi nikichomwa yake, yeye atachomwa nini?"

Nesi Secilia alizima jiko. Alimpima Hadija uzito, akasikiliza kifua chake mbele na nyuma kwa muda mrefu, huku mama akizuia pumzi kana kwamba yeye ndiye anayepimwa. "Kifua chako hakisemi kitu," alisema mwishowe. "Lakini sitakitegemea hicho peke yake. Utatoa makohozi yaende Lushoto, na mpaka yarudi sikuchomi. Dawa hii huharibu masikio ya watu wengine, sitampa mtu asiyeihitaji." Kisha akageuza cheti cha hospitali kilichokuwa ndani ya jalada, akakisoma tena, na uso wake ukabadilika. "Haya yalichukuliwa wakati wa masika. Sasa ni kipupwe. Cheti kilikuwa humu kabla sijafika, nami nimekiona jana tu. Huyo mwingine anangoja tangu wakati huo."

Nje benchi lilikuwa limejaa wagonjwa, na katika chumba cha pili mama mmoja alikuwa na uchungu wa kujifungua. Nesi hakuweza kutoka. Alisema atatuma habari kwa mabalozi.

"Mabalozi watakuletea mimi tena," alisema Hadija. "Kila anayeulizwa Hadija Rajabu ananionyesha mimi. Nitakwenda mwenyewe."

"Uende kutafuta kikohozi?" mama aliuliza. "Kilichokukosa ukakifuate?"

"Nimempoteza mimi, mama."

"Basi huendi peke yako," alisema mama, na akajifunga kanga upya, safari hii akaikaza.

Nesi alikata kipande cha boksi, akaandika:

Kwemnyefu / ............ / ............ / Hadija Rajabu

"Njia imetoboka hapa katikati, mahali pawili. Kitongoji na balozi. Kila mkwaju ni mlango. Huwezi kuruka mlango mmoja ukafika chumba cha ndani. Ingia kitongoji kimoja, pita balozi mmoja mmoja mpaka uwamalize, kisha rudi nyuma mlango mmoja, uingie kingine. Na kila unaposimama, jiulize kwanza uko wapi."

Kijiji kilikuwa na vitongoji vitatu: Bondeni, Misheni na Msituni. Bondeni kwao walijuana, hapakuwa na Hadija Rajabu mwingine. Walianza Misheni. Balozi wa kwanza alikuwa mzee mcheshi aliyekuwa akianika maharage. Aliposikia wanamtafuta nani, aliwatazama kwa huruma.

"Mama Hadija, umempoteza mtoto uliyemshika mkono?"

"Tunamtafuta mwingine, baba."

"Mwingine yupi? Hadija Rajabu si ndiye huyo?"

Balozi wa pili alisema hivyo hivyo, na mkewe akakumbuka kazi jikoni, akaingia ndani na kufunga mlango. Hadija aliusikia ukifungwa. "Twende," alimwambia mama. "Wakifunga mlango angalau tunajua kwamba tumeufikia."

Walimaliza Misheni, wakarudi mpaka njia panda, wakapanda kuelekea Msituni, kitongoji cha juu kabisa, ambako mashamba yanakwisha na msitu wa Magamba unaanza. Balozi wa kwanza wa huko naye akawaonyesha Hadija kwa kidole. Mama alikaa juu ya kisiki.

"Tumetembea kote huku kuambiwa kwamba wewe ni wewe," alisema.

Hadija alikitazama kile kipande cha boksi. Nafasi mbili zilikuwa bado tupu, na kila mahali alikuwa ameanza kwa kusoma neno la mwisho.

"Mama, tunauliza jina, na jina ndilo lililotupoteza. Mimi mwenyewe nililisoma jina nikaacha yaliyotangulia. Sasa nauliza nyumba."

Balozi aliyefuata, Ramadhani, walimkuta akinoa jembe. Hadija aliamkia, kisha akauliza, "Katika nyumba zako kumi, baba, iko inayouguza mtu anayekohoa tangu masika?"

"Iko," alijibu Ramadhani bila kufikiri. "Kwa Rajabu, yule anayefanya kazi kwenye bustani ya miche ya misitu. Mtoto wao amekwisha kabisa. Lakini nimesikia mnamtafuta Hadija, na huyo ni Kabibi."

Hadija na mama yake walitazamana.

Walimkuta Kabibi kwenye kijua cha mchana, amelazwa juu ya mkeka mlangoni, na kopo la kutemea mate kando yake. Alikuwa mdogo kuliko Hadija kwa mwaka mmoja au miwili, lakini mikono yake ilikuwa kama vijiti vya kuegeshea maharage. Mama yake, Halima, alitoka jikoni akijifuta mikono.

"Onga mshi," Mwanamisi alimsalimu kwa Kishambaa, na Halima akaitika, akawaletea vigoda.

"Tunatoka zahanati," alisema Hadija. "Mtoto anaitwa nani, mama?"

"Kabibi."

"Na jina la zahanati?"

Halima aliinamisha kichwa. "Ni wajina wa mama mkwe wangu. Mimi simtaji mkwe wangu. Hapa sote tunamwita Kabibi, na baba yake humwita Mama."

"Lakini zahanati uliandikisha nini?"

"Baba yake ndiye aliyemwandikisha. Nesi Jenoveva akawa anatujua kwa sura, nikifika tu anatoa kadi. Huyu mpya nilimwambia naulizia majibu ya Kabibi wa Msituni, akatafuta katika sanduku la Msituni, hakuona. Kila nikienda, majibu bado. Nikachoka kumbeba."

Kutoka kwenye mkeka sauti ndogo ikasema, "Mimi ni Hadija. Hadija Rajabu." Kisha kikohozi kikamshika, kikamtikisa mwili mzima.

Mwanamisi aliweka mkono mdomoni. Alikuwa amekuja kutafuta kitu cha kumwondolea binti yake balaa, na sasa balaa lilikuwa limelala mbele yake, na lina miguu myembamba na linaitwa kama mwanawe.

Ingekuwa rahisi kusema tu kwamba zahanati ilikosea. Halima asingejua. Hadija alisimama kutoka kwenye kigoda.

"Majibu yake yamerudi, mama. Ana kifua kikuu, na dawa ipo. Hayakufika kwako kwa sababu mimi ndiye niliyeandika majalada. Niliacha kuandika Msituni, niliacha kuandika balozi, kadi yake nikaitia pamoja na yangu Bondeni."

Halima alimtazama mpaka Hadija akatamani atukanwe yaishe.

"Mwanangu amelala hapa tangu masika kwa ajili ya mwandiko wako?"

"Ndiyo, mama."

"Na unaniambia ukiwa umesimama wima hivyo?"

"Nikikaa sitaweza kusema."

Halima hakulia wala hakupaza sauti. "Basi mbebe," alisema.

Hadija alichutama, akambeba Kabibi mgongoni. Mwanamisi alitoa mtandio wake, akamziba Kabibi mdomo na pua taratibu, akafunga fundo nyuma ya kichwa. "Ukikohoa, kohoa humu, mama," alimwambia. Halima alichukua kopo, wakashuka.

Kulikuwa na njia ya porini isiyopita kwa watu, na mama aliielekea. Hadija aliendelea na barabara. Barabara ilipita katikati ya shamba la kijiji, na mchana huo watu walikuwa wengi wakipalilia mahindi. Majembe yalisimama moja baada ya jingine. Mke wa balozi wa Bondeni alikuwa mstari wa mbele, ameegemea mpini.

"We Hadija, umembeba nani huyo?"

"Hadija Rajabu," alijibu, na hakupunguza mwendo.

Nyuma yake alisikia watu wakiulizana. Kisha alisikia kitu ambacho hakukitegemea: mama yake, mwoga wa mvua na wa giza, amesimama katikati ya shamba akisema kwa sauti inayofika pande zote, "Mkitaka kujua nani anaumwa nini, njooni mniulize mimi kabla hamjaulizana bombani. Na mwenye mgongo wenye nguvu aje kupokea, mtoto huyu ni mzito kuliko maneno yenu."

Esta, aliyekuwa akipalilia na wanafunzi wenzake, akatupa jembe, akaja.

Siku hiyo hiyo Kabibi alichomwa sindano yake ya kwanza. Alilia, na Nesi Secilia akasema ni vizuri, ana nguvu ya kulia. Alichomwa kesho yake na kila siku baada ya hapo. Kwa kuwa Msituni ni mbali, alikaa kwa Mwanamisi, katika chumba ambacho dirisha lake halikufungwa tena hata kwenye baridi. Wale wa nyumba zote mbili walipimwa vifua. Makohozi ya Hadija yaliporudi kutoka Lushoto hayakuwa na kitu, na Mwalimu Kornelio alimrudisha darasani kwa mkono wake, akawaambia wenzake kwamba alimtoa kwa kuwa alilazimika kuwalinda, lakini maneno waliyomtupia hakuna aliyelazimika kuyasema. Silvano alirudi dawati lake. "Ulisema utanikoholea sikioni," alisema. "Bado nangoja," na wote wawili wakacheka. Mwishoni mwa kiangazi Kabibi alikuwa anakula ugali na mboga ya mchunga mpaka anafuta bakuli. Vidonge aliendelea navyo.

Ikabaki kazi ya majalada. Nusu ya sanduku la Bondeni ilikuwa majina matupu. Hadija alisema atayaandika yote upya, peke yake, kwa kuwa kosa ni lake.

"La," alisema Nesi Secilia. "Hilo nalo ni kiburi. Aliyekosea asijisahihishe peke yake. Wewe andika, Esta asome kwa sauti kutoka mwanzo, Silvano aweke mahali pake. Mkisoma wote watatu sawa, ndipo jalada limeandikwa."

Aliwaketisha kwenye nyasi nje ya zahanati, darasa zima la sita, akanyanyua jalada jipya wote waone. Hadija ndiye aliyelisoma:

"Kwemnyefu, mkwaju, Msituni, mkwaju, Ramadhani, mkwaju, Hadija Rajabu."

"Na hili?"

"Kwemnyefu, mkwaju, Bondeni, mkwaju, Issa, mkwaju, Hadija Rajabu."

"Majina yamefanana," alisema Nesi, "na watu hawajagongana, kwa sababu kila mmoja ana njia yake kutoka juu mpaka chini. Hadija alipoandika, sanduku lilikuwa magotini kwake, akadhani kila atakayesoma atakuwa ameketi pale pale alipoketi yeye. Mimi nilikuja kutoka Bulwa. Sikuwa nimeketi pale. Andika kwa ajili ya mtu anayeingia mlangoni na hajui lolote. Kama kitongoji kipya kinaanza, tengeneza sanduku lake kwanza, halafu mafungu ya mabalozi ndani yake, halafu majalada ndani ya mafungu. Ukianza na jalada, utaliweka wapi?"

Mwanamisi alikuwa amesimama kando na bakuli la uji wa Kabibi. Nesi alimwomba naye aseme neno kwa watoto. Alisita, maana alisoma mpaka darasa la nne tu. Kisha akasema, "Mimi sina mengi. Mwanangu ni mkaidi, na mnaona nilivyo, namwogopea kila siku. Ukaidi wake ulimlaza mtoto wa mwenzangu mkekani, na ukaidi huo huo ukamwinua. Simwambii auache. Namwambia aangalie kwanza amesimama wapi. Na nyinyi nawaambia mambo haya ya kuepuka, myaandike."

Wakafungua daftari, wakaandika:

Usitengeneze jalada kabla hujajua uko katika sanduku gani.

Usiandike jina tupu kwa kuwa wewe unamjua mwenye jina.

Usiruke mlango hata mmoja katika njia, hata mkono ukichoka.

Usiunganishe vitu viwili kwa kuwa vina jina moja. Soma vinakotoka.

Usichome cha zamani kabla mtu mwingine hajasoma kipya.

Usitafute mtu kwa jina la kwenye kadi tu. Uliza nyumbani wanamwitaje.

Usiteme mate chini, wala usimkoholee mtu usoni.

Usikatishe dawa kwa kuwa umepata nafuu.

Usipeleke bombani ugonjwa wa mtu.

Usimhame mwenzako dawati kwa maneno ya kusikia.

Usikae kimya ukijua kosa ni lako, na mtu anangoja.